Leseni ya Masumi Yenye Mstari wa Dhahabu

Ukitaka kugombana na Bi Tsugiko Kasai wa Tsugaru, kaskazini mwa Japani, mwambie amezeeka. Maisha yake yote ameendesha gari kwenye theluji inayofukia milango, na hajawahi kukwaruza hata nguzo ya taa. Duka liko mbali, basi lilishaacha kupita, na bafu la maji ya chemchemi, ambako wenzake hukutana kuoga na kusengenyana, liko ng'ambo ya kilima. Bila gari, Bi Tsugiko atabaki kuongea na televisheni.

Basi sikukuu ya Oktoba, matufaha yakiiva, binti yake Masumi alitoka Tokyo na mumewe Ryohei na mtoto wao Honoka, akaja na lake moyoni. Hata chai haijapoa akalitoa.

"Mama, una miaka sabini na minane. Wenzako wanarudisha leseni polisi. Na wewe rudisha."

"Kwani nimemgonga nani?"

"Bado."

"Bado? Haya! Kesho nawatembeza. Nikikosea hata kitu kimoja, leseni naipeleka kwa miguu yangu. Nisipokosea, neno hilo lisisikike tena nyumba hii."

Masumi akakubali. Tena akachomoa leseni yake kwenye pochi, akaonyesha mstari wa dhahabu, ule wanaopewa wasio na kosa hata moja barabarani. "Mimi sijawahi kuandikiwa kosa, Mama." Ilimuuma Bi Tsugiko, tena sana.

Asubuhi wakaondoka. Wakaanza na kituo cha treni chenye sanamu kubwa ya mwanamke wa udongo ukutani, ambayo macho yake huwaka treni ikiingia. Honoka akaiga, akatumbua macho mpaka dereva wa teksi akacheka. Halafu wakashika njia ya pwani, ngisi wameanikwa kando ya bahari kama nguo za familia kubwa. Ryohei alikula wawili waliochomwa, akajifunika koti usoni kiti cha nyuma, akalala. Mkwe mpole huyo, jamani! Unakaa naye kutwa nzima, unamsikia mara mbili tu: akisema asante, na akisema kwaheri.

Masumi yeye hakulala. "Mama, taa nyekundu!"

"Nimeiona kabla hujazaliwa."

Mchana wakafika kijiji cha sanamu za kutishia ndege. Wanakijiji wamezivisha nguo zao kuukuu: polisi pale, bi harusi huku, bibi kizee amebeba maboga. Kando yake inauzwa aiskrimu ya kitunguu saumu. Honoka alilamba mara moja tu, akampa baba yake iliyobaki. Kisha wakarudi garini. Bi Tsugiko akatazama kioo: koti lipo, kofia juu yake, mkwe kalala kama kawaida. Akawasha gari.

Walikuwa wamevuka vilima viwili Honoka alipomtikisa baba yake ampe pipi.

"Bibi! Hapa hakuna baba. Kuna koti!"

Masumi akapiga kelele utadhani nyumba inaungua. Alipotulia kidogo, akamgeukia mama yake. "Umeona, Mama? Umemwacha mtu. Hilo ni kosa."

Bi Tsugiko angeweza kujibu: mume ni wako, mbona nawe hukumwona? Badala yake aliegesha gari vizuri pembeni, akazima injini.

"Ni kweli. Dereva ndiye wa kuangalia watu wake. Nimeshindwa." Akamkabidhi ufunguo. "Mimi si dereva tena. Kamchukue mumeo."

"Mimi?"

"Si una dhahabu?"

Masumi akaugeuzageuza ufunguo. "Mama… sijashika usukani tangu nilipofaulu mtihani."

"Ndiyo maana huna makosa!" Honoka akasema.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bi Tsugiko alitaka kucheka, ila aliona mwanawe anavyoutazama usukani kama nyoka, cheko likamwishia. Wakabadilishana viti. Masumi alipotaka kuwasha taa ya kukata kona, akawasha vifuta kioo, na jua kali hivyo. Trekta ikawapita, mwenyewe akiwainamia kwa adabu.

"Pumua, mwanangu. Hakuna anayekufukuza."

"Trekta imetupita, Mama!"

"Iache iende. Ina kazi, sisi tunatembea."

Mguu wa Bi Tsugiko ulikanyaga breki isiyokuwepo njia nzima, lakini mdomo wake haukumfokea mtu.

Walimkuta Ryohei katikati ya sanamu, wageni wanampiga picha wakidhani naye ni sanamu. Alipolamba aiskrimu yake ya tatu, mama mmoja akaruka na kupiga yowe.

"Nilijua mtarudi," Ryohei akasema.

Masumi akazima gari, akalia na kucheka kwa pamoja. "Njia hii ndiyo unayopita na theluji?"

"Ndiyo hii. Na leseni nitairudisha, nilishasema. Lakini polisi ni mbali, na basi hakuna. Utanipeleka wewe."

"Siwezi bado, Mama."

"Basi njoo nikufundishe."

Masumi aliyezoea kuja mara moja kwa mwaka alitazama chini. "Nije kila mwezi?"

"Mara mbili. Wewe mzito kuelewa."

Masumi akamrudishia mama yake ufunguo na kuhamia pembeni. Kabla gari halijaondoka, aligeuka nyuma, akamgusa Honoka, kisha akambana Ryohei pua hadi akapiga chafya.

"Wapo wote, Mama. Twende."