Ghala Lilikuwa Tupu Kabla ya Mafuriko

Admin, nifichie jina, maana Lodwar tunajuana. Nina miaka sitini na saba, mhasibu mstaafu, naishi Kanamkemer. Natunza hesabu za ushirika wa akina mama wanaokausha samaki Longech. Nimechoka, wanangu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Kakuma, aliyechukua samaki kwa mkopo. Tulifunga hesabu Desemba, na karibu faida yetu yote ilikuwa deni lake. Januari laga, ule mto wa msimu, ikafurika, ikabomoa ghala lake, naye akatoweka.

Mwenyekiti wetu, ambaye mwanawe amemwoa binti yangu, akaniambia, "Mafuriko ni ya mwaka huu, mkwe. Yataje kwa maelezo chini ya hesabu, utie sahihi, akina mama wapate gawio."

Angekuwa sawa, kama kweli ni mafuriko. Nilikwenda Kakuma kujionea. Mama mmoja wa Sudan Kusini, anayeuza unga karibu na ghala lile, alinicheka. "Maji ilichukua mabati tu, mzee. Huyo alifilisika kabla ya Krismasi. Ndani ilibaki panya, na hata hao walikuwa wamekonda."

Niwaeleze kwa mbuzi. Ukifunga zizi jioni wote wakiwa wazima, fisi akala mmoja alfajiri, hesabu ya jioni haibadiliki. Unawapa wenzako habari ya fisi tu. Lakini akifa alfajiri kwa ugonjwa aliokuwa nao jioni, basi ulimhesabu mgonjwa kama mzima. Hapo sharti urudi urekebishe. Deni letu lilikuwa mahututi tangu Desemba.

Nilimpa mwenyekiti mfano huo huo, hakutaka kusikia. "Wewe mkwe umesoma mpaka umezidisha! Mbuzi ameshakufa, nani anauliza aliugua lini? Ukituaibisha mkutanoni, usikanyage kwangu kumwona binti yako."

Na binti yangu ni mjamzito, mimba yake ya kwanza.

Jana mwanachama mmoja alinisimamisha sokoni, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mzee! Gawio liko? Mimi nimeshachagua mbuzi, hata jina nimempa." Nilitabasamu tu, nikaona aibu. Faida haipo. Nikitia sahihi, atalipwa kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, na siku akiitaka atakuta ghala tupu la pili.

Mkutano ni Jumamosi. Hesabu inataka nini, najua. Nimeifanya maisha yangu yote. Baba anatakiwa afanye nini, ndilo sijui. Ninyi mlioozesha mabinti, nishaurini: nitie sahihi, au nikubali kumjua mjukuu wangu kwa kusimuliwa?