Mama Mkwe na Komeo la Bunduki

Niliporudi kutoka Bosnia, nilipatwa na hofu kubwa mbele ya nyanya. Nilikuwa dukani Langley Park, mtaa wetu huku Marekani, nimeshika kikapu, nachagua zilizoiva, mara nikahisi bega langu ni jepesi. Moyo ukanilipuka. Nimesahau bunduki! Nilitupa kikapu nikakimbia hadi mlangoni, nikatazama kila pembe ambapo ningeweza kuwa nimeiegemeza. Mama mmoja wa Kisalvador aliyekuwa akichagua pilipili alinifuata akanirudishia kikapu changu kwa upole, kama mtu anayemrudishia mgonjwa fimbo yake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile bunduki niliikabidhi ghalani wiki mbili nyuma, nikatia sahihi, tukaachana.

Kwa miezi yote niliyokaa kule nililala nayo, nikala nayo, nikaenda nayo chooni. Namba yake niliijua kuliko namba ya simu ya nyumbani. Na sikuifyatua hata mara moja, kwa maana kazi yangu katika jeshi la Marekani ilikuwa kuendesha lori la dizeli kwenye matope. Watu wa kanisani waliponiuliza habari za vita, nilikohoa na kutazama mbali. Wao walinyamaza kwa heshima wakidhani naona maiti. Nilikuwa naona matope.

Tamaa ya kuwa na bunduki yangu mwenyewe ilinishika hivyo, na ilinitia aibu. Mtu aliyelelewa Kenya anajua kwamba bunduki ni ya serikali au ni ya jambazi, hakuna mtu wa tatu. Lakini mwendo wa basi moja kutoka kwetu kulikuwa na duka, kinyozi upande huu na dobi upande ule, lililozipanga ukutani kama majembe. Nilinyolewa mara mbili katika wiki moja kabla sijapata ujasiri wa kuingia mlango wa pili.

Mwenye duka alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mwanajeshi wa zamani kama mimi, aliyejifunza Kiswahili katika darasa la jioni ujanani mwake. Aliposikia natoka Kenya alisimama wima.

"Hujambo, ndugu! Karibu katika duka langu la silaha. Je, wewe unahitaji silaha?" Kila silabi ilitoka peke yake, imepigwa pasi.

"Sijambo, mzee. Naangalia tu."

"Kuangalia ni bure. Kushika pia ni bure. Kuondoka nayo, hapana."

Akanishushia bunduki ya Kiingereza ya zamani, ya mti na chuma, ndefu, nzito, imejaa grisi iliyoganda kahawia kama sukari guru. Nilikuwa nimeiona ya namna ile mara moja tu, begani mwa askari wa mkoloni, kwenye picha ya kitabu cha historia cha shule ya msingi. Sijui kwa nini niliitaka. Labda kwa sababu ile ya Bosnia nilipewa kwa amri, na hii nilikuwa naichagua mwenyewe. Nilijaza fomu iliyoniuliza kama mimi ni mtoro anayesakwa na sheria, na kama nimewahi kutangazwa kuwa sina akili timamu. Mke wangu alipokuja kuisikia habari ya fomu hiyo alisema, "Hilo swali la akili wangeniuliza mimi."

Nilichagua Jumamosi kuileta nyumbani, kwa sababu mke wangu na mama yake walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mama mkwe alikuwa ametoka Nyeri kuja kumwona mjukuu, akakaa nasi miezi mitatu. Nilimheshimu kiasi kwamba nikimkuta sebuleni nilikuwa nafikiria kupiga hodi katika nyumba yangu mwenyewe.

Mzee wa duka alikuwa amenieleza kwamba grisi hutoka kwa moto mdogo. Basi nikafungua sehemu za mti, nikaziviringisha kwenye magazeti, nikazitia ndani ya oveni. Chuma nikakilaza juu ya meza ya kulia chakula, nikaanza kushindana na komeo, kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili risasi iingie. Kijitabu nilichopewa dukani kilisema linachomoka kwa urahisi. Saa nzima halikuchomoka.

Mkutano uliisha mapema. Mke wangu aliingia, akanusa, akaenda moja kwa moja jikoni akafungua oveni.

"Ni nini hii unapika?"

"Si chakula."

"Naona si chakula. Nauliza ni nini."

"Ni kitako cha bunduki."

Alifunga oveni polepole, akaifungua tena, labda akitumaini atakuta kuku. "Umeoka bunduki," alisema. "Katika oveni yangu. Na mama yangu yuko hapa."

Mama yake alikuwa tayari amefika mezani. Niliruka kufunika kile chuma kwa gazeti kama mtu aliyekutwa bila nguo, lakini alinizuia kwa kidole kimoja. Alivaa miwani, akajifunga leso kiunoni, akainua bunduki, akavuta komeo hadi nyuma, akainua kichwa cha lile komeo kwa kidole gumba, na likatoka. Ilikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Akalipangusa, akaliangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imetunzwa vibaya," alisema.

Mke wangu alitoka jikoni, oveni ameiacha wazi.

"Mama," alisema, "nani alikufundisha hiyo kazi?"

"Watu wa msituni."

Alikaa, akatueleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza bei ya viazi. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na watu wa msituni, alikuwa na miaka kumi na sita. Alipewa bunduki kama ile aifiche chini ya majani ya mbuzi, na mara moja kwa wiki aipake mafuta. Lakini komeo hakupewa. Komeo lilikuwa kwa mtu mwingine, kijiji kingine, ili wakikamata mmoja wasipate silaha bali kipande cha chuma.

"Lilikuwa kwa nani huko kijiji kingine?" nikauliza.

"Sikuambiwa. Nikipigwa ningesema nini?"

Mke wangu alikuwa na miaka thelathini na minne, na hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Alimtazama mama yake kama abiria aliyegundua kwamba jirani yake kwenye ndege ndiye rubani.

Kisha mama mkwe akafunga komeo langu ndani ya kitambaa, akalitia kwenye mkoba wake, akabana zipu. "Nyumba ina mtoto," alisema. "Bunduki na komeo lake havikai pamoja hapa."

Hapa niseme ukweli. Ningeweza kumpinga sajenti. Ningeweza, pengine, kumpinga kanali. Kumwambia mama mkwe afungue mkoba, sikuweza. Mkoba ule ulikwenda kanisani, ukaenda kliniki ya macho, ukaenda kununua viatu, na mimi niliutazama kama mbwa anayetazama bucha.

Siku ya kurudi kwake tulimsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba komeo kwenye gari, lakini alianza kuomba yeye, maombi marefu ya safari, na alipomaliza tulikuwa tumefika. Mkoba ukawekwa kwenye ule mkanda wa ukaguzi. Mke wangu alinifinya mkono. Nilianza kutunga Kiingereza cha kueleza polisi. Mkoba ukatokea upande wa pili, hakuna aliyestuka. Mama mkwe akautwaa, akatupungia, akaondoka.

Nilifurahi kwa hatua kama kumi hivi. Kisha nikajiuliza, sasa komeo liko wapi?

Tulimpigia simu alipofika.

"Mama, lile komeo uliliweka wapi?"

"Komeo gani?"

"La bunduki, mama."

"Bunduki? Mimi mzee wa miaka sitini najua nini habari za bunduki?"

Nikambembeleza. Akaniuliza mvua kama inanyesha huko. Mke wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi akicheka mpaka machozi. "Hutaweza," alisema. "Wazungu walishindwa naye, wewe utamweza na kadi ya simu?"

Tulipekua unga, mchele, mito, sanduku la cherehani. Mwishowe nikarudi kwa mzee wa duka, nikamweleza kwamba mama mkwe amelificha komeo.

"Pole sana, ndugu," alisema kwa huzuni ya kweli. "Komeo peke yake, mimi sina. Lakini ninayo bunduki nzima."

Hivyo ndivyo nilivyonunua ya pili. Nalo komeo lake likakataa kukaa sawasawa kwenye ya kwanza, kwa sababu, mzee alinieleza akiwa ameshapokea pesa, kila moja hulinganishwa na mwenziwe kiwandani. Baada ya hapo sikuwa tena na sababu, nilikuwa na ugonjwa. Ya tatu niliinunua kwa kuwa ilikuwa fupi. Mke wangu alinilazimisha kununua kabati la chuma, na ufunguo wake mmoja ukawa wake.

Majira ya baridi yalipoanza, ibada ya nyumbani ilifanyika Takoma Park kwa mama kiongozi wa maombi, muuguzi mwenye mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi. Nilitumwa jikoni kuleta vikombe. Alikuwa akiponda vitunguu saumu na tangawizi kwa ajili ya pilau, na katika mkono wake, likipanda na kushuka, lilikuwa komeo langu.

"Mama, hicho umekitoa wapi?"

Aliangalia kile chuma, akaniangalia mimi. "Mama mkwe wako aliniachia nimtunzie. Aliniapisha nisikuambie kabisa." Akaendelea kuponda. "Lakini hakusema nisikitumie. Kinaponda vizuri, sijaona mfano wake."

Alinirudishia baada ya pilau kuiva, si kabla. Jioni ile ile tukapiga simu Nyeri. Mama mkwe alipoambiwa habari za vitunguu alicheka sana, akakohoa, akacheka tena. Mke wangu alipoona ametulia akamuuliza kama hakuwahi kabisa kumjua yule aliyekuwa na komeo zamani.

"Nilimjua baadaye sana," alisema. "Watu walipotoka kizuizini. Kulikuwa na kijana mmoja tuliyekuwa tunachuma kahawa pamoja. Siku moja akanieleza kwamba alizunguka miaka miwili na chuma amekishonea kwenye pindo la koti, na hakujua ni cha bunduki gani. Nikamwambia, ilikuwa kwangu, chini ya majani ya mbuzi."

"Ni nani huyo, mama?"

"Si baba yako."

Mke wangu alifikiri amesema siye, akaanza kuuliza mwingine ni nani. Ilibidi mama yake arudie kwa ukali: "Nakwambia, si ni baba yako! Unafikiri tulikutana wapi, disko?"

Mke wangu alikaa chini sakafuni jikoni, simu sikioni. Baba yake alikuwa amefariki miaka mingi. Ninavyosimuliwa, alikuwa karani mpole wa chama cha kahawa, mtu aliyetoka nje ya boma siku ya kuchinja kuku ili asione. Mke wangu alishika pindo la sweta yake akawa analipapasa, na kadi ya simu ikaendelea kuliwa bila yeyote kujali.

Jumamosi iliyofuata aliniambia twende wote dukani. Mzee alimpokea kwa furaha kubwa. "Shikamoo, mama mke!"

"Marahaba," akajibu mke wangu, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi. Akaomba ashushiwe moja ya zile ndefu. Akaishika kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaitia kwapani kama mtu anayebeba kuni, akatembea nayo hatua chache hadi kwenye kaunta ya risasi na kurudi.

"Ni nzito," alisema. "Kumbe ni nzito hivi."

Akamrudishia mzee. Siku hiyo hatukununua kitu. Tulipita tu mkahawa wa pupusa, ile mikate minene ya mahindi ya Kisalvador, tukala, na alikula tatu.