Wifi Anasema Nilipona kwa Kufunga

Admin, jina langu lifiche kabisa. Nina miaka sitini na moja, mjane, Mpokomo wa Mto Tana niliyeolewa na Msomali hapa Garissa. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miaka ya tisini nilikatwa titi kwa sababu ya saratani, kisha nikawa naenda Nairobi kuwekewa dawa ya mshipani. Dawa ile ilinimaliza nywele na kunijaza vidonda mdomoni. Daktari alisema nile vizuri, hata Ramadhani ikiingia. Sheikh wa mtaa naye akasema mgonjwa ana ruhusa, siku zake atalipa akipona. Lakini mume wangu alikuwa safarini na biashara ya ng'ombe, nyumba ikabaki mikononi mwa dada yake, mwanamke asiyenipenda tangu siku ya nikahi.

"Hiyo ruhusa ni ya watu ya malaria," aliniambia. "Kansa inakula chenye wewe unakula. Funga, ikufe na njaa. Jioni kunywa maziwa ya ngamia, basi. Ama nyinyi watu ya mto hamujui dini?"

Akatia jikoni kufuli. Kila alasiri aliniita mbele ya wanawake wenzake: "Toa ulimi!" Ndivyo tunavyowapima watoto hapa, ulimi ukiwa mweupe, mtoto amefunga kweli. Wangu ulikuwa mweupe pe, kwa ajili ya dawa! Yeye akawa anapiga makofi, "Mashallah, mnaona?" Mjinga yule. Kumbe kila mchana jirani alinipitishia uji na maini juu ya ua, nami nikala ndani ya bafu la mabati kama mwizi. Nisingekula ningekufa.

Nilipopona, wifi akajitwalia sifa zote. Mume wangu naye akajivunia mke aliyefunga na kansa mwilini. Ningemwaibishaje mbele ya ukoo wake? Nikanyamaza. Siku zile nilizilipa zote, kwa hiyo asinihukumu mtu.

Sasa binti yangu amepata ugonjwa ule ule. Ameanza dawa, na Ramadhani inabisha hodi. Juzi wifi, ambaye hata uzee haujamfunga mdomo, alikuja kumwambia afunge kama mama yake. Nikapasuka. Nikasema yote, uji, maini, bafu. Bibi kizee yule akacheka!

"Mimi niliona ulimi yake na macho yangu. Saa hii anaogopa tu juu ya mtoto."

Binti akanishika mkono. "Hooyo, mama yangu, wacha kudanganya ndio nikule. Kama wewe uliweza, hata mimi nitaweza."

Jirani aliyenilisha alishafariki, mume wangu pia. Shahidi sina. Binti ameanza kukataa chakula cha mchana, eti anajizoeza, na daktari akiongea anamjibu kwa kisa changu.

Ndugu zangu, mwanangu anakonda mbele ya macho yangu kwa ajili ya funga ambayo mimi sikuifunga. Niambieni, nifanye nini aniamini?