Shahidi wa Mkuki wa Kwanza

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipokuwa nikifanya kazi mjini Arua, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kupanda kilima kwenda ofisini na kushuka mchana kula. Lakini kiangazi kimoja shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kunichukua kwa baiskeli. Kwao ni chini ya mlima Kei, ukingoni mwa hifadhi ya wanyama, nyumba za nyasi na maghala yaliyokaa juu ya mawe.

"Mwaka jana tukiwinda, binamu zangu walinidhulumu mnyama," alisema. "Kwetu mkuki wa kwanza ndio wenye nyama, lakini lazima mtu aushuhudie. Wewe si wa ukoo. Tena mwoga, utakaa mbali uangalie tu."

Ningebisha nini?

Nyasi zikachomwa ili wanyama watoke. Kongoni akachomoka motoni, manyoya yakifuka moshi, na shemeji akamtia mkuki ubavuni, ukazama hadi nusu. Niliuona vizuri, maana nilikuwa nimepanda jiwe refu kuliko yote. Mnyama akakimbia akimwaga damu hadi barabarani. Hapo risasi ikapasua kichwa chake. Gari la jeshi lilikuwa limesimama.

"Nyama iko ya nani?" askari akauliza.

"Yangu, afande. Mkuki yangu iko ndani," shemeji akasema. "Huyu iliona."

Bunduki ikanigeukia. "Wewe ya suruali. Nani iliua?"

"Wewe, afande."

Hata darasani sikuwahi kujibu haraka hivyo. Nilidhani nikimpa nyama yake atatuachia roho zetu.

"Basi wewe mwizi," akamwambia shemeji. Kitako cha bunduki kikashuka kwenye mkono wake wa kulia. Mara ya kwanza, shemeji akapiga goti. Mara ya pili, mfupa ukaalika kama kuni kavu. Alikuwa ananitazama mimi, si askari.

Askari akapasua tumbo la kongoni, akanitupia ini likitoka mvuke. "Shahidi, chukua yako." Nikalidaka kwa mikono miwili, nikashukuru.

Kiangazi kilichofuata shemeji alipitia kwangu, mkuki mkono wa kushoto. Akala, akacheka na dada yake.

"Mnawinda lini?" nikauliza.

"Kesho."

"Na shahidi?"

"Nimempata, shemeji. Kipofu."

Nilikuwa nimeandaa kisingizio cha mgongo. Nikabaki nacho.