Mwajabu, Bajeti na kifaa kisichosema

Ni saa kumi na moja na robo alfajiri, na mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, bado umejifunika shuka. Mwajabu Ijumaa anakaza mpira wa tyubu kuzunguka mtungi mzito uliofungwa nyuma ya pikipiki yake. Anautikisa kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kisha anacheka peke yake.

"Abiria wangu hawa hawabishani nauli," anasema. "Wako kumi na wanane humo ndani, wote madume."

Hatanii sana. Mtungi huo wa baridi kali umebeba mirija myembamba yenye mbegu za madume ya ng'ombe wa maziwa, madume ambayo hayajawahi kukanyaga vumbi la Dodoma. Mwajabu, miaka thelathini na sita, ni mhimilishaji. Ng'ombe wako akihitaji mume na mume hayupo, unampigia yeye. Vijana wa mtaani kwake wanamwita Dume la Pikipiki.

"Zamani nilikuwa nanuna," anasema. "Nikaona wateja wananipata kwa jina hilo hilo. Nikaliandika ubavuni mwa tanki."

Leo hana nafasi ya kununa hata akitaka. Jana jioni simu ililia kutoka Azimio, kitongoji kilichojificha nyuma ya Mvumi: ng'ombe aitwaye Bajeti ameingia kwenye joto. Joto likionekana jioni, mbegu iwekwe asubuhi. Ukichelewa hadi jua la adhuhuri, umechelewa hadi siku ishirini na moja zijazo.

Na Bajeti hana siku ishirini na moja nyingine. Mwajabu ameshachelewa mara mbili. Mwenye ng'ombe, Ruthu Chilewa, anayejulikana zaidi kama Mama Jordan, ameambiwa na baba mkwe wake kwamba malisho hayatoshi kulisha tumbo tupu. Mara ya tatu ikishindikana, Jumamosi Bajeti anakwenda mnadani, na wachinjaji hawaulizi nani alichelewa.

Bajeti ya bungeni husomwa mara moja kwa mwaka. Hii ya Azimio husomwa kila baada ya wiki tatu, na imekwama mara mbili mfululizo.

Kutoka Nkuhungu hadi kwa Mama Jordan ni kilomita sitini na kitu. Nusu ya kwanza ni barabara. Nusu ya pili ni makubaliano tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye shamba anapitisha jembe juu ya njia, anapanda uwele, na njia inakwenda kutafuta pengine pa kupita. Makorongo nayo hubadili vivuko bila kumuaga mtu. Ukiuliza, unaambiwa "hapo tu," midomo imechongoka kuelekea upande wa jua, na hiyo hapo tu inaweza kula lita nzima ya mafuta.

Mwajabu si mgeni wa njia mbaya. Alizaliwa Busi, Kondoa, kwenye vilima ambako, kwa maneno yake, "hata mbuzi anafikiri kwanza." Alimaliza kidato cha nne, akajifunza pikipiki kwa kumwibia kaka yake funguo saa za sala ya Ijumaa, kisha akasomea uhimilishaji. Mwezi mzuri anahudumia ng'ombe ishirini na watano. Mwezi mbaya, tisa.

Mara ya kwanza kumkosa Bajeti ilikuwa Oktoba: joto lilionekana asubuhi, mbegu ilikuwa iwekwe jioni, na saa saba mchana yuko njiani, jua limeshuka hadi usawa wa kofia. Simu yake, aliyoifunga kwenye usukani imwoneshe njia, ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikazima.

"Ng'ombe akipata joto mimi nakwenda," anasema. "Simu ikipata joto, sina pa kwenda. Siku hiyo walipata wote wawili."

Akaivua, akaiweka kwenye kivuli cha kichaka cha miiba, akaipepea kwa mtandio. Ikaamka. Akapanda pikipiki. Ikazima tena. Mara ya nne ya kupepea, jua lilikuwa linazama na hakujua yuko shamba la nani, akageuza. Alipofika Azimio kesho yake, Bajeti alikuwa amelala anacheua, hana habari na mtu.

Mara ya pili kulikuwa na mawingu na simu haikuugua. Ilimpeleka vizuri kabisa, bila kukosea kona hata moja, hadi Azimio nyingine.

"Nchi hii ina Azimio nyingi," anasema. "Nikauliza, kwa Mama Jordan ni wapi? Wakanipeleka. Nao wana Mama Jordan wao. Anafuga bata."

Kesho yake mchana alikwenda kwa Hamidu, fundi na muuza simu wa hapo hapo Nkuhungu, naye mtoto wa Kondoa, na ugomvi wao ni wa tangu utotoni. Mfukoni alikuwa na pesa aliyoitenga kwa ajili ya tairi mbili mpya.

"Nataka kitu cha kunionesha njia," akamwambia. "Kisichougua."

Hamidu akatoa kwanza simu nene kama tofali, iliyovikwa mpira kila upande. Ili kuthibitisha, akaitupa ukutani mwenyewe. Ukuta ndio uliomeguka. Mwajabu akaipenda, ila alipoitoa juani, kioo kikawa cheusi kama tako la sufuria. Akavaa glovu, akabonyeza. Haikumsikia.

"Vua glovu, dada."

"Nikivua glovu kila kona, nitafika lini? Na hii nayo si simu tu, Hamidu? Si itapata joto?"

Hamidu akakohoa, akaleta cha pili. Hicho kilikuwa kifaa cha pikipiki hasa, kioo kipana kama sahani ya pilau, kinachokula umeme wa pikipiki yenyewe na kuongea kwa sauti ya mwanamke mpole. Bei yake, milioni moja na laki tatu. Mwajabu akaomba akijaribu kabla hajazimia. Wakaandika Azimio, nyuma ya Mvumi. Mwanamke mpole akawaza, akawaza, akawashauri warudi kwenye lami.

"Anaongea vizuri," Mwajabu akasema. "Mwambie akagombee udiwani."

Cha tatu Hamidu hakukileta. Kilikuwa kwenye boksi la vitu vibovu, Mwajabu akakiokota mwenyewe: kifaa cha GPS cha mkononi, cha manjano iliyofifia, chenye vitufe, kilichoachwa hapo na mpima ardhi mstaafu. Hakiongei. Kioo chake kama cha kikokotoo, na kadiri jua linavyowaka ndivyo kinavyosomeka. Vitufe vinabonyezeka kwa glovu. Kinatumia betri mbili ndogo za redio, ambazo hata duka lisilo na chumvi linazo.

"Ramani iko wapi?" akauliza.

"Hakina. Unapita, kinakumbuka ulipopita. Unaweka alama, kinakuonesha mshale wa kurudi pale pale. Ramani utachora mwenyewe kwa matairi."

Mwajabu akakigeuza huku na huku mkononi. Halafu akauliza kama kuna ndoo ya maji.

"Dada'ngu, hicho si samaki!"

Hamidu akafumba macho. Kifaa kikazama, kikahesabiwa hadi mia, kikatoka kinawaka. Ikabaki mtikisiko, na hapo ndipo ilipokaribia kushindikana. Alikifunga kwenye usukani akapita matuta ya mtaani, kikazima mara tatu. Betri zilikuwa zinaruka ndani kama maharage kwenye kopo. Mtu mwingine angekirudisha. Mwajabu akakata kipande cha tyubu, akakichomeka nyuma ya betri zikabana, akapita matuta yale yale hadi watoto wakaanza kumhesabia. Hakikuzima tena.

Akakichukua kwa laki moja na tisini. Tairi zikasubiri.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Azimio bila kuitwa na mtu, akiongozwa na Mama Jordan mwenyewe aliyemfuata hadi Mvumi na kupanda nyuma ya pikipiki. Njia nzima Mwajabu alikuwa anasimama na kuweka alama. Kifaa kinakubali herufi kumi tu kwa jina, kwa hiyo ramani yake inasomeka kama barua ya mtu mwenye haraka: VUKA HAPA. USIVUKE. MBWA MKALI. Alama ya mwisho, zizini kwa Mama Jordan, aliiita BAJETI.

Ndiyo anayoifuata asubuhi hii ya Desemba. Mvumi ameipita kunapambazuka. Kilomita nane mbele, njia inakatika ghafla kwenye udongo uliolimwa jana, mwekundu, bado una unyevu. Mama mmoja ameinama na jembe.

"Shikamoo mama. Njia iko wapi?"

"Marahaba. Njia?" Mama anaangalia huku na huku, kama mtu aliyeulizwa habari za kuku wake. "Juzi ilikuwepo."

Mwajabu anatazama kioo. Mshale hauna habari na jembe. Anazunguka shamba kwa ukingoni, taratibu, mtungi usilale, hadi mstari wa nyayo zake mwenyewe unarudi chini ya tairi. Korongoni maji ya usiku bado yanapita. Mshale unaelekea ng'ambo moja kwa moja, kwenye mchanga laini, lakini pale aliandika USIVUKE. Anapanda juu mita mia tatu hadi VUKA HAPA, kwenye mwamba, maji yakimlamba buti.

Saa mbili kasoro dakika kumi anaingia Azimio. Langoni mwa zizi amesimama baba mkwe, Mzee Mazengo, na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo simu haijaugua?"

"Leo nimekuja na asiyesema, babu."

"Afadhali. Dodoma wanaosema tunao wa kutosha."

Mama Jordan ameshika kamba ya Bajeti kwa mikono miwili, na midomo yake inatembea kama anayesali. Mwajabu anayeyusha mrija kwenye maji ya vuguvugu, anahesabu sekunde, anavaa glovu ndefu. Kazi yenyewe haifiki dakika kumi. Mzee Mazengo, aliyekuwa amegeuza uso kwa heshima, anauliza akiwa bado ameupa zizi mgongo:

"Ndiyo harusi imekwisha?"

"Imekwisha, babu."

"Bila hata pilau?"

Baada ya hapo ikawa ni kungoja tu. Bajeti akirudi kwenye joto siku ya ishirini na moja, ni mnadani. Siku hiyo Mwajabu hakutoka nyumbani. Aliiweka simu mezani akaikodolea macho, akiomba isilie. Saa nne ikalia. Mama Jordan.

"Ana joto?" Mwajabu akauliza, salamu kaisahau.

"Hapana. Nilikuwa nakusalimia tu."

"Nusura nizimie," anasimulia. "Nikamwambia, dada, salamu zako nyingine zitume kesho."

Mwezi Machi alirudi Azimio kupima. Safari hii ilikuwa na watazamaji, majirani kumi na mmoja waliojifanya wanapita. Mkono ukiwa ndani hadi juu ya kiwiko, Mwajabu akatulia.

"Sema basi," Mama Jordan akasema.

"Anayo. Miezi mitatu."

Mama Jordan akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, kanga na yote, akacheka hadi machozi. Mzee Mazengo akagonga fimbo mara moja. "Basi mnadani wakatafute supu nyingine."

Majirani wakaacha kupita. Kila mmoja alitaka zizi lake liingizwe kwenye kile kidude cha manjano, asije akasahaulika ng'ombe wake akipata joto. Mwajabu akapita zizi kwa zizi akiweka alama. Anataka mvua zijazo zikute mazizi mia mbili yamo, na kila moja analiandika pia kwenye daftari, ili mhimilishaji atakayemfuata asianze na kupepea simu kichakani. Kisha atakwenda kuanza upya Busi, ambako mama yake bado anakokota ng'ombe kuvuka kilima kizima kutafuta dume.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mazengo mwenyewe. Alikwenda ndani, akarudi amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, akasimama wima mbele ya zizi lake, kidevu juu, macho hayapepesi. Mwajabu akataka kumweleza kwamba kile kifaa hakipigi picha. Akamwangalia alivyosimama, akaacha. Akabonyeza kitufe, akaandika MAZENGO, nukta nyeusi ikatokea katikati ya kioo kitupu.

"Nimetokaje?" mzee akauliza, bado hajashusha kidevu.

"Umetoka vizuri, babu."