Mafundo Thelathini ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikiona cherehani imewekwa nyuma ya meza ya duka, moyo unanilipuka. Nimezeeka, nimezika watu, nimeona mengi, lakini hilo halijanitoka.

Nilikuwa mke wa karani wa mizigo pale stesheni ya Tabora, miaka ile baada ya vita, Mwingereza bado yuko bomani. Tulipanga vyumba viwili Mtendeni. Mume wangu alilipwa shilingi sitini kwa mwezi, na mimi nilikuwa na cherehani ya mkono niliyonunuliwa na baba yangu siku nilipoolewa. Nilishona barazani: magauni, kaptura za shule, kanzu za sikukuu. Watu waliniona mtu, na mimi nilijiona mtu zaidi ya walivyoniona wao.

Ugonjwa wangu ulikuwa neno moja: andika. Dukani, mtaa wa pili kutoka kwetu, nilikuwa sishiki hela. "Nipe sukari ratili mbili, andika. Majani ya chai, yale mazuri, andika. Ala, hiyo kanga imekuja lini? Nikatie, andika." Mwenye duka, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akitabasamu na kulamba ncha ya penseli. Mwisho wa mwezi nampelekea kidogo. Akiuliza zilizobaki namwambia, "Mwezi ujao, bwana, mwezi ujao. Kwani nahama?" Tunacheka wote wawili.

Siku moja katikati ya mvua hakucheka. Aligeuza daftari ili nilione. Shilingi mia moja na ishirini! Nilidhani amenionyesha ukurasa wa mtu mwingine. Nikatazama jina: langu. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kusoma najua, lakini siku ile nilitamani nisijue.

"Mama," akasema taratibu, "siwezi kuandika tena bila kitu cha kushikilia."

Basi mtu mwenye akili angerudi nyumbani akamwambia mume wake. Mimi je? Nilibeba cherehani yangu nikampelekea iwe rehani, apate kuendelea kuniandikia! Tukakubaliana kwamba nisipolipa deni lote mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, kabla mvua nyingine hazijaanza, cherehani itakuwa yake, aiuze. Akaniandikia tena mpaka deni likafika mia na hamsini, na nyumbani nikasema cherehani iko kwa fundi. Mume wangu akaamini. Miezi minne mizima, mwanamume anaamini!

Mwezi wa tano, mavuno yamekwisha, mama mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini kwake, upande wa Isikizya. Alikuja kwa miguu, na karanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kibuyu cha asali. Alikuwa mwembamba, mrefu, mzee sana, na maneno yake ungeyahesabu kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sisikii cherehani?"

Hata mzigo hajatua! Nikasema iko kwa fundi. Akanitazama tu, akaomba maji.

Kesho yake alikwenda dukani kununua tumbaku na sukari kwa senti zake mwenyewe. Aliporudi aliweka sukari mezani, hakukaa.

"Hii ratili moja ni senti thelathini. Wewe wanakuandikia ngapi?"

"Arobaini."

"Hizo kumi za nini?"

Jamani! Nilikuwa nimekunywa chai miaka mitatu, na sikuwahi kujua kwamba duka lile lina bei mbili, ya mwenye hela mkononi na ya mwenye kuandikiwa.

"Na fundi wako nimemwona," akaendelea. "Ana miwani ya uzi. Cherehani iko nyuma yake, chini ya majora ya kitambaa. Umeiweka rehani?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Alikaa chini sakafuni, palepale aliposimama, akashika magoti yake. "Rehani," akasema. Akarudia tena, "Rehani." Niliogopa, nikadhani anataka kuanguka, nikakimbilia maji. Hakunywa. Moyoni nikasema, huyu naye, makubwa yote haya kwa ajili ya cherehani, na wala si yake!

Jioni ile alinilazimisha nimwambie mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa amevua kiatu kimoja. Akabaki amekishika.

"Mia na hamsini?"

"Mia na hamsini."

"Kwa sukari?"

"Na chai. Na kanga."

Kiatu cha pili hakukivua mpaka chakula kilipoiva. Mimi nililia kwa aibu, nisikufiche.

Mshahara ulipotoka, mama mkwe akatandika mkeka na kudai zote sitini, akazipanga mbele yetu. Ishirini na tano akaziweka upande, za deni. Tano, kodi ya vyumba. Zikabaki thelathini. Akachana utepe mrefu wa merikani mpya, kitambaa cheupe cha pamba, akafunga mafundo thelathini, kila fundo shilingi moja, akautundika msumarini.

"Mimi nimekwenda na msafara mpaka pwani," akasema. "Msafarani posho hutolewa kambi kwa kambi. Aliyekula posho ya kesho anaingia Mgunda Mkali na tumbo tupu, na katika pori lile hakuna wa kumgawia. Kila asubuhi mtafungua fundo moja. Fundo likiisha, siku imekwisha."

Zile za deni alizifunga katika kaniki kuukuu, kipande kidogo cha nguo nyeusi kilichopauka kikawa rangi ya majivu, kimejaa viraka. Nikamshauri tupeleke dukani kila mwezi. Akakataa. "Ukimpa kidogo kidogo, naye atakuandikia kidogo kidogo. Kitu cha rehani hukombolewa mara moja."

Asubuhi ya kwanza nilikwenda dukani na shilingi yangu mkononi. Nikataja bei ya taslimu kama nilivyofundishwa. Mwenye duka akavua miwani.

"Nimekukosea nini, mama? Mbona unanunua kama mpita njia?"

Kweli alikuwa ameumia! Nilisimama pale nimeduwaa. Mtu analipwa hela yake, papo hapo, na uso unamwanguka. Ndipo nilipoelewa kwamba zile senti kumi kumi ndizo zilizokuwa zikitabasamu miaka yote, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijisemea peke yangu kama mwehu.

Msidhani nilishukuru. Nilimchukia yule bibi. Mkate ulikoma, maziwa yalikoma, kanga ndiyo usiseme. Mwezi wenye siku thelathini na moja, siku ya mwisho haikuwa na fundo. Tulikula michembe asubuhi na jioni. Siku moja akaja shoga yangu, mke wa dereva wa lori la Igunga, na mimi na kiherehere changu, nikaona haya kumpa maji matupu. Mama mkwe alikuwa ametoka. Nikafungua fundo la kesho, nikanunua sukari na maandazi, tukanywa chai kama mabibi.

Kesho yake mama mkwe akahesabu mafundo. Akarudisha utepe msumarini. Jiko halikuwashwa siku nzima. Mume wangu akaenda kazini na maji tumboni.

"Mama, huyu ni mwanao mwenyewe!" nikapiga kelele.

"Ni njaa ya siku moja," akasema. "Itapita."

Sikuligusa tena fundo la kesho. Lakini mdomo wangu haukutulia. Mwezi wa nane, sufuria ya maharage ilikuwa inafurika, nikavuta kitambaa cha karibu niiepue. Kilikuwa ile kaniki, mama mkwe ameifungua kuongeza hela. Alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Akaninyang'anya, akakung'uta masizi, akaipangusa kwa kiganja.

"Lo, kwa tambara hilo?" nikasema. "Hata kupigia deki halifai."

Alitoka nje, akakaa barazani peke yake mpaka chakula kikapoa.

Mwisho wa mwezi wa kumi joto lilikuwa kali, mawingu yamejikusanya upande wa mashariki, na ndani ya kaniki mlikuwa na shilingi mia moja na hamsini. Sikuamini. Nilizihesabu mara tatu. Mama mkwe akasema tunakwenda pamoja. Dukani alifungua kaniki juu ya meza, hela zikamwagika, mwenye duka akahesabu, akapiga mstari juu ya jina langu. Akaitoa cherehani, akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu yake.

"Karibu tena, mama," akaniambia. "Ukipungukiwa, mimi nipo, nitakuandikia."

Nilicheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka. Alitaka kuibeba cherehani yeye.

"Mama, hapana! Watu watasema nini? Bibi mzima anabeba chuma na mimi natembea mikono mitupu?"

"Nitwike."

Nikamtwika. Akatembea wima kama msichana. Katikati ya njia akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia nimtue, akakaa juu ya jiwe. Msichana wa miaka tisa hivi alipita na ndoo ya maji. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu.

"Nilikuwa kama yule. Baba alichukua doti mbili za kaniki kwa mwenye msafara. Hakuwa na cha kulipa. Akaniweka mimi."

"Akakuweka wapi, mama?"

Naapa, hivyo ndivyo nilivyouliza.

"Rehani."

Mtu! Mtoto! Nilimtazama yule msichana na ndoo yake mpaka akakata kona.

"Nilibeba vyungu mpaka pwani," akasema. "Kila kambi nilikuwa nageuka nyuma, nione kama baba anakuja. Mimi hawakuja kunikomboa. Nilirudi mwenyewe, nimekwisha kuwa mwanamke, napikia msafara mwingine. Nilimkuta yu hai. Ana mbuzi. Mama akaniambia, baba yako kila mwaka alikuwa akisema, mavuno yajayo. Mavuno yajayo nitamkomboa."

Mwezi ujao, bwana, mwezi ujao. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, na kicheko changu, na nikatamani ardhi inimeze.

Akaitoa ile kaniki kiunoni. "Zile doti zilikuwa zimechakaa zote. Hiki kipande walikuwa wanafungia chumvi. Nikakichukua. Nikasema, hiki ni changu."

Na mimi nilikuwa nimeepulia nacho maharage. Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga magoti palepale njiani, nikashindwa hata hilo.

"Alisemaje, mama? Ulipoingia mlangoni, baba yako alisemaje?"

"Alisema, umekuwa mrefu."

Upepo wa mvua ulianza kupeperusha vumbi. Hapo likanijia jambo jingine. Mume wangu alikuwa na jina la babu yake, baba wa mama yake. Jina hilo mama mkwe alikuwa akiliita kila siku ya Mungu, asubuhi akimwamsha, jioni akimpa chakula, na mara zote kwa upole.

"Mama," nikasema, "ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Na ukampa mwanao jina lake!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Alikuwa baba yangu," akasema.

Akaisokota ile kaniki ikawa ngata, akaiweka kichwani, akainama mbele yangu.

"Nitwike. Mvua inakuja."