Yai la Baraka Utosini mwa Wifi

Mwaka 1964, nikiwa na miaka tisa, tulitoka Unguja na nguo za mwilini tu, na tangu siku hiyo sikuzoea kumuuliza mtu kitu (chuoni nilikomea juzuu ya kwanza, lakini tanuri la mikate hapa Ibra, Omani, nimelijenga kwa mikono hii), na kiburi hicho ndicho kilichoniaibisha Shaabani hii mbele ya ukoo mzima.

Mwanangu Nasir ameoa mwanamke wa Meksiko, Lupita. Msichana mpole, lakini alikuwa kanyong'onyea, sanduku la safari liko wazi chumbani. Nasir akaninong'oneza, "Mama, huyu ataondoka. Kawakumbuka kwao. Saa hizi kule ni kanivali, wanakula na kucheza kabla ya mfungo wao."

"Kumbe vunja jungu!" nikamwambia. (Na mwaka huu mfungo wao na wetu umegongana, wallahi.) "Basi tutalivunja pamoja, na wifi Zuwena nitamwita kutoka Mudhaibi." Huyo wifi, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa akisema mgeni huyu hamalizi mwaka.

Asubuhi ya pili yake nikakuta dirishani jikoni maganda ya mayai, matupu, yameoshwa, kila moja na kitundu chake. Mimi mtoto wa Unguja, ganda tupu lenye kitundu nisijue ni kazi ya mchawi? Nikasoma Ayatul Kursiy, nikayatupa yote, na deki nikapiga.

Lupita akalia. "Mama, mayai yangu ya kanivali! Sisi tunavunjiana kichwani, kwa baraka."

"Nitakununulia mengine."

"Si ya kununua, Mama, yale..."

"Najua, najua," nikamkata.

Siku ya vunja jungu nyumba imejaa, biriani imepakuliwa, wifi Zuwena kakaa katikati na hariri yake mpya, nami nikatoka na kikapu cha mayai kutoka sokoni, nikachagua moja kubwa, nikamsogelea, "Barikiwa, wifi!", nikalipasua utosini.

Kiini kikamshuka mpaka puani, ute ukafuata, polepole.

"Bi Salma, umepata wazimu?"

"Baraka hizo, wifi!"

"Mama," Lupita akasema, mikono mdomoni, "yanakuwa matupu. Ndani tunatia karatasi za rangi."

Hapo nikayakumbuka maganda, nikatamani zulia linimeze.

Wifi akajifuta jicho, akanyanyuka, akachukua yai kikapuni, akanipasulia langu. "Na wewe barikiwa, mjuaji mkubwa!"

Lupita akacheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu aje, na wifi akamkalia ubavuni, yai linamchuruzika, akamwambia, "Mwanangu, mwakani nifundishe hayo matupu, huyu mamkwe wako ataniua."

Jioni ile sanduku likarudi juu ya kabati.

Nimeapa, nisichokijua nitauliza, hata kwa mtoto wa jana. Leo nina nyumba hii, matanuri mawili, duka la mikate, mitende kidogo Wadi Bani Khalid, mkwe anayecheka, na dirishani maganda ya mayai niliyoyaosha mwenyewe.